Niliwashonea Watu wa Angani

Nyinyi mliobaki na vyerehani pale kando ya reli mmekuwa mkiniuliza tangu nifunge kibanda: Mathe, ni kazi gani ulipenda zaidi? Mnadhani nitasema ni magauni ya harusi. Hapana. Harusi ni kelele ya wiki moja, halafu gauni linaenda kuliwa na panya juu ya kabati. Nitawaambia ile kazi, lakini lazima nianzie mbali kidogo, mnivumilie. Mambo ya kodi ya kibanda na nani alipandishwa kuwa nani sitayagusa. Fundi wa nguo hapandishwi cheo. Anapandishiwa bei ya uzi.

Nilitoka Kakamega nikiwa msichana, nikafikia kwa binamu yangu Kawangware, na yeye akanipeleka kwa Mama Nduku. Mama Nduku alikuwa Mkamba wa Kitui, mfupi, kinywa kimejaa pini kutoka asubuhi hadi jioni. Aliongea nazo mdomoni na hakuwahi kumeza hata moja. Siku ya kwanza hakunipa cherehani. Alinipa sare ya shule iliyochanika, akaniambia niifumue yote, mshono kwa mshono, halafu nimweleze aliyeishona alikuwa mtu wa namna gani.

Nilipomaliza nikamwambia, "Alikuwa mtu wa haraka."

"Na mchoyo," akasema. "Angalia pindo. Hajaacha kitambaa cha ziada ndani. Mtoto anakua, nguo haikui. Huyo si fundi, ni mwizi wa mzazi."

Hivyo ndivyo nilifundishwa, na hivyo ndivyo nimewafundisha nyinyi. Nguo inasema. Ukiiangalia vizuri inakwambia mvaaji anatoka wapi, anaketi vipi, anatoka jasho wapi na ana pesa za kununua nyingine ama hana. Mama Nduku alipima watu wakiwa wanaongea, kwa sababu mtu akinyamaza ili apimwe anavuta tumbo ndani, halafu siku ya kuchukua nguo anakuja na lile tumbo lake la kweli.

Sasa, kibanda chetu kilipakana na vidio. Ukuta ulikuwa mmoja, mabati matupu, upande huu sisi na upande ule watu kwenye mabenchi wakitazama sinema. Nilisikia sinema miezi mingi kabla ya kuona hata moja. Za ngumi hazikunisumbua, ngumi ni ngumi. Lakini Jumamosi mchana mwenye vidio alikuwa anaweka za angani. Nikasikia mlango ukifunguka kwa pumzi, kama sufuria ya mvuke, halafu kimya kirefu, halafu mtu anaongea kama ameingiza kichwa ndani ya kopo. Mguu wangu ulikuwa unasimama wenyewe juu ya pedali.

"Kwani umekufa?" Mama Nduku aliniuliza.

"Nasikiliza."

"Unasikiliza nini na hakuna mtu anaongea?"

Nilikuwa nasikiliza hicho kimya. Nilitaka kujua ni mahali gani watu wako na bado panakuwa na kimya namna hiyo. Kawangware sikuwa nimekipata.

Jumamosi moja nikavumilia nikashindwa. Wanawake hawakuwa wanaingia vidio siku hizo, lakini niliingia na tepu shingoni, nikakaa karibu na mlango kama mtu aliyekuja kumtafuta mteja. Nilitoka pale nikiwa mtu mwingine. Kuna meli ilipita mbele ya nyota, kubwa, polepole, ikapita, ikazidi kupita, na mimi nikajikuta nimeshika tepu kwa mikono yote miwili. Nilifurahi kama mtoto. Tangu siku hiyo, kama sinema haina sayari nyingine, au joka, au mtu anayefungua mlango na kukuta dunia isiyo hii, usiniite.

Lakini fundi ni fundi. Wenzangu walitazama bunduki za miale, mimi nilitazama mishono. Niligundua mapema kwamba waovu ndio wana kola nzuri. Niligundua kwamba watu wa angani hawana mifuko, sijui funguo wanaweka wapi. Zile za majoka, malkia anakimbia msituni kwenye matope na pindo lake linabaki jeupe. Joka niliamini, hata moto wake niliamini. Pindo nilikataa.

Na kitu kingine nilichojifunza pale ni kicheko. Nyinyi wa siku hizi mnatazama kwenye simu, kila mtu peke yake, hamjui. Ndani ya vidio watu walikuwa wanaongea na sinema. Stering, yaani yule shujaa ambaye kila mtu anajua hafi, alikuwa anapewa maagizo na benchi nzima: geuka nyuma, usimwamini huyo, kimbia. Wakiongea naye, wameamini. Lakini wakicheka, imekwisha. Siku moja tulionyeshwa mnyama wa kutoka sayari ya mbali, mkubwa, meno nje, watu wametulia kabisa. Akageuka. Mgongoni, kuanzia shingo hadi kiunoni, zipu. Watu walicheka mpaka mwenye vidio akatoa kanda akaweka ya ngumi. Mimi sikucheka. Nilimwonea huruma fundi, popote alipokuwa, na nikajiambia kwamba mimi nikishonea watu wa angani hata mara moja katika maisha yangu, hakuna mtu atacheka.

Nilipomweleza Mama Nduku, alitoa pini mdomoni, jambo ambalo hakuwa anafanya ovyo. "Watu wa angani hawatakuja kupimwa hapa," akasema. "Shona hiyo blauzi."

Nilishona blauzi. Nilishona blauzi miaka mingi sana. Niliolewa na fundi seremala wa Laini Saba, nikahamia Kibera, nikapata kibanda kando ya reli pale mnapopajua. Nilishona sare za shule, mapazia, suruali za wanaume wanaosema kiuno chao hakijabadilika. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kanzu za lile kanisa la kanzu nyeupe ambalo hupita kwenye reli kila Jumapili na ngoma na bendera. Kanzu hizo zinaonekana rahisi, na hapo ndipo mafundi wengi wameaibika. Mtu anaimba akiinua mikono, anaruka, anapiga magoti, na kanzu haitakiwi kupanda wala kubana kwapani. Kiongozi wa akina mama, Mama Truphena, alinirudishia ya kwanza mara nyingi mpaka nikadhani ananichukia. "Dada," alikuwa ananiambia, "hii imeshonewa mtu amesimama. Sisi hatusimami." Mwishowe nikapata ule ukataji wa kwapa niliowafundisha nyinyi nyote. Mjue ulitoka kwa Mama Truphena.

Muda wote huo sikuacha sinema zangu. Kanda zikaisha zikaja diski, diski zikaisha ikaja simu. Nilinunua vitabu vya zamani vya wachawi na falme vilivyotandazwa kwenye gunia barabarani, nikavisoma nikingoja pasi ipate moto. Watoto wa hapo ndio walianza kuniita Mathe wa Space, yaani mama wa angani, na jina likanishika. Mume wangu alikuwa ananiuliza nikifika huko angani nitampigia simu ama nitatuma mtu.

Basi, kuna asubuhi moja akaja msichana wa mtaa wa Olympic, hapo hapo Kibera, anaitwa Achieng, na mwenzake Brayo, amebeba kamera ya kuazima kama mtu aliyebeba mayai.

"Sasa Mathe. Tumeambiwa wewe ndio Mathe wa Space."

"Poa. Nani anauliza?"

Walikuwa wanatengeneza sinema yao. Watu wa sayari iliyokauka wanashuka duniani kutafuta maji, na badala ya kushuka kwa wakubwa wanashuka Laini Saba, wanatembea juu ya reli. Achieng alieleza akichora hewani kwa mikono, na mimi nilikuwa nimeshika mkasi wazi. Brayo yeye alitaka wanunue zile barakoa zinazong'aa.

"Ziko tao," akasema, akionyesha upande wa mjini. "Tunabuy, tunavaa, tunashoot."

"Ndio watu wacheke?" nikamwuliza.

"Mathe, ni movie tu."

"Kwangu hapa hakuna movie tu. Nijibu. Hao watu wanatoka jasho? Huko kwao kuna jua kali ama kidogo? Wanafua na nini, na maji hawana? Wana wakubwa na wadogo, ama wote sawa?"

Hawakuwa wamefikiria hata moja. Achieng akaketi kwenye stuli ya wateja, akasema polepole, "Jua kali sana. Hawafui." Nikajua huyo tutaelewana.

Halafu akaniambia ukweli wote. Wazee wake walikuwa wamempa mwaka mmoja ajaribu hii kazi, na mwaka ulikuwa unaisha. Sinema ingeonyeshwa kwenye ukumbi pale Kibera, mbele ya watu wa Kibera wenyewe, na wazazi wake wakiwa ndani. "Wakicheka, Mathe, nimeisha. Na wanacheka kila kitu." Nilimwambia najua wanavyocheka. Nilijua kuliko yeye.

Nikafanya kazi hiyo kama sijawahi kufanya kazi nyingine. Watu wa jua kali wanajifunika, hawavai vitu vya kubana, kwa hivyo nikakata nguo ndefu nyeupe na vitambaa virefu vya kichwa. Zipu hakuna, vifungo hakuna. Nguo ilifungwa ubavuni ndani ya mkunjo, na hata ukiangalia mara mbili hujui mtu aliingilia wapi. Mapindo nilikataa yawe meupe. Vumbi la kwao haliwezi kuwa jekundu kama letu, kwa hivyo nilichanganya jivu la makaa na buluu ya kufulia, nikapaka mpaka magotini, likatoka rangi ambayo Kibera haina. Tena kulikuwa na shida ya mwendo. Nguo nyepesi ikipigwa na upepo inamfanya mtu aonekane amevaa shuka. Nikaenda kwa mafundi wa vyuma wa jua kali, nikaomba washa, vile viduara vya chuma vya kuweka chini ya nati, nikavishona ndani ya pindo pande zote. Nguo ikatulia. Mtu akitembea huoni miguu yake, unaona tu anakuja. Na ukisikiliza sana, vile vyuma vinagongana kidogo.

Brayo alivaa moja akatembea hadi kwa muuza samaki na kurudi. Muuza samaki alimfuata kwa macho, kisu mkononi, bila kucheka. Brayo naye hakutaja barakoa tena.

Siku ya kupiga picha ilikuwa Jumapili asubuhi, kwa sababu kamera ilikuwa inarudi kwa mwenyewe Jumatatu. Tulikuwa tumeahidiwa kundi kubwa la vijana wa kuvaa. Mnajua ahadi za vijana siku ya Jumapili. Walikuja wachache, wakiongozwa na Wafula, fundi wa mawe, mrefu kama mlingoti. Wakasimama juu ya reli na nguo zangu. Nguo zilikuwa sawa. Lakini taifa zima linalotafuta maji haliwezi kuwa watu wa kujaa kiti cha nyuma cha gari. Walionekana kama wamepotea njia ya kwenda matangani.

Achieng aligeuka akatazama ukuta ili tusione uso wake. Brayo akaanza kufunga kamera.

"Fungua," nikamwambia. "Walio hapa watembee. Wasiokuja hawatakuja zaidi tukilia."

Achieng akajipangusa, akaweka kijana mmoja aliyekuja na ngoma nyuma apige polepole ili wote wakanyage pamoja. Akamwagiza Wafula, "Mpaka niseme stop, hata mbingu zianguke, wewe una maneno mawili tu. Mmetoka mbali. Mnatafuta maji. Basi." Wakaanza kutembea.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo mambo yalipoharibika vizuri. Mimi mkono wangu ulikuwa umekata kanzu za Mama Truphena maisha mazima, na nilipoambiwa nikate nguo ndefu nyeupe ya mtu anayetembea, mkono ulikata unavyojua. Kanisa likatokea upande wa juu na bendera yao, wakaona watu wa kanzu nyeupe na vilemba, mbele yao, juu ya reli, wakitembea kwa ngoma. Na desturi yao mnaijua: wakikutana njiani na wenzao wa tawi lingine, hawapiti kando. Wanaungana.

Wakaungana. Kanisa zima lilishuka kwenye reli nyuma ya watu wangu, wazee, akina mama, watoto wamevaa vikanzu vyao. Ngoma yao ikasikia ngoma yetu ikapunguza mwendo, na wimbo ukaanza chini chini kutoka nyuma. Wauza viatu wakavuta bidhaa zao kando kama treni inakuja. Reli yote ikawa nyeupe.

Achieng akafungua mdomo aseme stop. Nilimshika mkono nikambana.

"Usithubutu," nikamwambia. "Taifa lako limefika."

Mama Truphena akatoka kwenye msafara, akaja mpaka mbele kwa Wafula, akamwangalia kutoka kilemba hadi chini. Aliinama kidogo akatazama lile pindo.

"Amani, ndugu. Mmetoka tawi gani?"

Wafula, Mungu ambariki, alikuwa ameambiwa hata mbingu zianguke. "Tumetoka mbali," akasema. "Tunatafuta maji."

"Naona mmetoka mbali. Hili vumbi si la huku." Akamtazama tena. "Na njia yote hakuna mtu aliwapa maji?"

Maneno mawili ya Wafula yalikuwa yameisha.

"Woi," Mama Truphena akasema, kwa sauti ya mtu aliyeudhika kwa niaba ya mwingine. "Kujeni. Maji iko." Akamshika mkono kama mtoto, akamvusha reli mpaka mlangoni kwake, akainua jerikeni, akamimina kikombe. Na mnajua jinsi maji yanavyofika mlangoni Laini Saba, yananunuliwa jerikeni kwa jerikeni na kubebwa mgongoni. Wafula akanywa. Akapokea mwingine akanywa. Mama akaendelea kumimina, wakanywa wote, na Brayo alikuwa amepiga magoti kwenye kokoto, kamera ameiegemeza pajani.

Ni mimi niliyeenda kumweleza Mama Truphena, kwa kuwa ananijua. Niliogopa. Mambo ya dini si ya kuchezea, na nilikuwa tayari kumwambia Achieng afute yote kama mama atakataa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kikombe mkononi.

"Kwa hivyo hawa si wa tawi lolote."

"Hapana, Mama."

"Na mmenipiga picha."

"Ndiyo, Mama. Ukisema ifutwe, inafutwa sasa hivi."

Akaweka kikombe chini. "Dada, wewe una makosa," akasema. "Ungenitumia neno jana, ningevaa ile kanzu mpya." Halafu akasema anataka kuiona kwanza yeye na wazee wa kanisa, na ilipomalizika waliiona, wakakubali, na mzee mmoja akaomba tu sauti ya ngoma yao iongezwe.

Tuliionyesha Jumamosi mchana, madirisha ya ukumbi yamezibwa kwa blanketi. Wazazi wa Achieng walikaa mbele, baba amekunja mikono. Mabenchi yalijaa, watoto wakakaa chini, na kelele ilikuwa ile ninayoijua. Walicheka jina la sinema. Walicheka kumwona jirani yao akinunua mandazi mwanzoni. Walimcheka mbuzi aliyepita. Achieng alikuwa amesimama ukutani karibu na mlango, tayari kukimbia. Mimi nilikuwa katikati ya benchi.

Halafu ngoma ikaanza, na wakatokea kwenye reli. Kijana nyuma yangu akaanza kucheka, nikasikia pumzi ya kwanza kabisa ya kicheko ikimtoka. Watu wakazidi kutokea. Wakajaa reli. Vyuma vya mapindo vikasikika, kidogo tu, na kijana akanyamaza katikati. Ukumbi wote ukanyamaza. Kibera, Jumamosi mchana, nikasikia kimya.

Wafula akasema wanatafuta maji. Mama Truphena kwenye sinema akasema vumbi hilo si la huku, akawa anamtazama tena bila kumpa. Na mwanamume mmoja mbele, mkubwa, mwenye kofia ngumu ya mjengo, akasema kwa nguvu, "Si umpatie."

"Mpatie, Mama," mwingine akasema.

"Ametoka mbali huyo."

"Wapatieni maji jamani, hao watu wamechoka."

Benchi zote zikaanza. Wazee, watoto, mama wa kuuza sukuma wiki, baba yake Achieng amekunjua mikono anaelekeza kidole kwenye sinema kama anayemwonyesha mtu njia ya choo, wote wanamwambia Mama Truphena awape maji. Mama Truphena mwenyewe alikuwa ameketi safu ya tatu na kanzu mpya, akawajibu kwa sauti, "Nitawapa, ngojeni." Na jerikeni ilipoinuliwa ukumbi ulilipuka, makofi, nderemo, watu wamesimama, na nikamwona Achieng ameteremka kwenye ukuta mpaka chini, amejishika mdomo, analia na kucheka.

Mimi nilipanda juu ya benchi. Na magoti haya yangu, nilipanda, nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka.

"Mama, keti," yule kijana wa nyuma akaniambia. "Unatuziba."

Nikamwambia angoje kidogo, mimi nimengoja hii tangu Kawangware.